Mateke Nayo Ni Maneno

Tarehe 6 Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani aliingia uwanjani akiwa anaongoza pentathloni ya kisasa ya wanawake. Upanga alishaucheza, kuogelea alishaogelea. Kilichobaki kilikuwa kuruka vizuizi juu ya farasi, kisha kukimbia na kulenga shabaha. Wakati ule, katika mchezo huo mshindani hakuwa akija na farasi wake. Alipangiwa kwa kura farasi asiyemjua, akapewa dakika 20 za kuzoeana naye. Schleu aliangukiwa na Saint Boy, farasi ambaye mapema siku hiyo alikuwa amemgomea mpandaji mwingine.

Waliokuwa mbele ya televisheni wanakumbuka yaliyofuata. Saint Boy hakutaka kwenda. Alirudi kinyumenyume, akazunguka, akakataa vizuizi. Schleu alikuwa analia juu ya tandiko huku akitumia kiboko. Kocha wake, aliyesimama nje ya uzio, alimhimiza apige zaidi, kisha yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi. Kocha huyo aliondolewa kwenye mashindano yaliyobaki, na Schleu, aliyeingia akiwa wa kwanza, akamaliza wa 31.

Siku zile nilisoma maoni mengi. Wengine walisema farasi ni mkaidi, wengine wakasema mpandaji ni katili. Mimi niliona viumbe wawili walioshikwa na hofu, kila mmoja akimzidishia mwenzake, na hakuna aliyepewa muda wa kumwelewa mwingine.

Sisi tuna methali: shukrani ya punda ni mateke. Nimeisikia tangu utotoni, nami nimeitumia kwa watu wasio na fadhila. Kwa binadamu inafaa. Kwa punda mwenyewe, na kwa ndugu yake farasi, inapotosha, na upotoshaji huo umewagharimu wanyama hawa viboko vingi. Mnyama huyu hakai akipanga namna ya kulipa wema kwa ubaya. Ana hofu, ana maumivu, ana kumbukumbu kali, na ana mwili unaousoma mwili wa aliye karibu naye kwa makini ambayo sisi wenyewe hatuna. Anayemfundisha farasi bila kuyajua hayo hupambana na kitu asichokiona, na mara nyingi kitu hicho kimetoka kwake.

Mnyama aliyeumbwa akimbie

Farasi ni windo. Wazee wake waliishi nyikani wakila majani, na aliyechelewa kukimbia hakuacha uzao. Kila kiungo chake kinasimulia habari hiyo. Macho yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu digrii 350 kumzunguka. Kinachomponyoka ni eneo dogo mbele ya paji la uso na jingine nyuma ya mkia. Ndiyo maana saisi, yaani mtunza farasi, aliyekaa kazini miaka mingi hatokei nyuma kimyakimya. Huja upande wa bega, akisema neno kabla hajagusa.

Rangi nazo farasi haoni kama sisi. Buluu na njano anazitofautisha, lakini nyekundu na chungwa kwake hazijitengi na kijani. Uingereza, vizuizi vya mbio za kuruka vilipakwa rangi ya chungwa kwa miaka mingi kwa sababu jicho la binadamu huliona chungwa haraka. Watafiti walipochunguza jicho la farasi ikabainika kwamba chungwa lile linapotelea kwenye majani, na wakuu wa mchezo wakaamua kubadili hadi nyeupe. Fikiria ni farasi wangapi walioambiwa ni wazembe kwa kukosea kuruka kitu ambacho hawakukiona vizuri.

Masikio ni ya kutazamwa kila wakati. Kila moja huzunguka peke yake, na linapoelekea ndipo fikira za farasi zilipo. Yote mawili mbele: kuna kitu kule anakipima. Moja mbele, jingine kwako: anakusikiliza huku akilinda njia. Yakilazwa nyuma hadi kugusa shingo, huku pua imekunjwa, anaonya, na onyo hilo hutangulia teke au kuuma. Farasi anayeuma ghafla ni nadra sana. Kabla ya kuuma alilaza masikio, kabla ya hapo alikaza mdomo, na kabla ya hapo aligeuza kichwa pembeni kuomba nafasi. Aliyeumwa alikosa kusoma mistari mitatu ya mwanzo.

Halafu kuna ngozi. Inzi akitua ubavuni, ngozi ya mahali pale pekee hutikisika na kumfukuza. Mnyama anayemhisi inzi anahisi kisigino chako, anahisi paja lililokakamaa, anahisi hata pumzi iliyokatika. Kwa hiyo kila ninapomwona mtu akimpiga farasi mateke mfululizo ili atembee, najua farasi yule alikwisha kusikia tangu mara ya kwanza. Amejifunza kwamba mguu wa mtu hauna maana, kwa kuwa hauachi kupiga hata anapotii.

Jambo la mwisho katika tabia yake ndilo lenye uzito zaidi kwa mpandaji: farasi ni mnyama wa kundi, na kundini hofu husambaa bila sauti. Mmoja akiinua kichwa na kukaza shingo, wote huinua. Mwaka 2009 watafiti nchini Sweden walichapisha jaribio rahisi. Watu waliwapeleka farasi mara kadhaa katika njia ileile, wengine wakiwaongoza kwa miguu, wengine wakiwa juu, na mapigo ya moyo ya wote yalipimwa. Safari ya mwisho waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo moyo wa mtu ulienda mbio, na moyo wa farasi ukaenda mbio pamoja nao. Farasi hakujua lolote kuhusu mwavuli. Alichojua ni kwamba mwenzake ameona hatari.

Rudi sasa Tokyo. Mtu anayelia kwa hofu magoti yake hubana, mabega hupanda, mikono huvuta hatamu ili apate pa kushika. Katika lugha ya farasi, mguu unaobana unasema nenda, na lijamu inayovutwa mdomoni inasema simama. Amri mbili kwa pamoja, na kiboko juu yake. Farasi aliyezibwa mbele na kusukumwa nyuma hubaki na njia chache: arudi kinyumenyume, azunguke, au asimame kwa miguu ya nyuma.

Somo hukaa penye kuachia

Mafunzo mengi ya farasi, tangu kale, yamejengwa juu ya mgandamizo na kuuachia. Unavuta kamba kidogo, farasi anapiga hatua, kamba inalegea. Unagusa ubavu kwa mguu, anasogea, mguu unatulia. Wengi wanaotazama wanadhani kinachomfundisha ni ule mvuto au mguso. Mvuto humfanya atafute tu: atajaribu kuinua kichwa, kwenda pembeni, kurudi nyuma, kwenda mbele. Jibu alilokuwa nalo wakati mgandamizo ulipoondoka ndilo atakaloliweka akilini. Ukiachia sekunde moja tu baada ya jibu sahihi kupita, umempongeza kwa jambo jingine.

Hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa bila mtu kukusudia. Chukua farasi kijana anayefundishwa kuongozwa kwa kamba. Anaogopa, anasimama kwa miguu ya nyuma. Anayemshika anashtuka, anaachia kamba. Kwa mtu, hiyo ni ajali iliyoepukwa. Kwa farasi, ni somo lililokamilika: ukisimama hivi, kamba hulegea. Kesho atasimama tena, na mtu atasema farasi huyu ni mkorofi kwa asili. Wa kuogopesha zaidi ni yule anayemtisha saisi kwa kumlazia masikio wakati wa kulishwa. Saisi anarudi nyuma, farasi anashinda, na baada ya wiki mbili anauma.

Adhabu inayochelewa haina kazi kabisa. Farasi aliyekataa kizuizi, akatolewa uwanjani, akapigwa langoni, hawezi kuunganisha kiboko na kizuizi alichokiacha kule nyuma. Atakachounganisha ni kiboko na lango, au kiboko na wewe.

Kuna njia ya pili, ya kuongeza kinachopendeza: kipande cha karoti, au kukunwa. Kukunwa nakusisitiza, kwa sababu watu wengi humpigapiga farasi shingoni kwa kiganja wakidhani wanamsifu, na farasi hawapigani viganja. Wakipendana husimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja akimkuna mwenzake kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Mwaka 1993 watafiti waliofanya kazi na farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, walionyesha kwamba kukunwa mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo. Mkono wako unaweza kufanya kazi ya meno ya rafiki yake. Ni zawadi isiyo na gharama, na inasikitisha kuona inavyotumika kwa uchache.

Kuhusu kumzoesha vitu vya kutisha, kama mfuko wa plastiki unaopeperushwa au turubai linalopiga kelele, kuna njia mbili zinazofanana kwa mbali na kutofautiana mno kwa ndani. Ya kwanza ni kukileta kitu hadi mahali farasi anapokitazama bila kutaka kukimbia, kungoja, na kukiondoa wakati bado ametulia. Kisha kukisogeza kidogo zaidi. Ya pili ni kumfunga na kumpiga na turubai hadi aache kuhangaika. Zote mbili huishia na farasi aliyesimama. Lakini yule wa pili mara nyingi hakutulia, amekata tamaa. Mtazame: jicho halihami, sikio halifuati sauti, mdomo umekaza, hapumui kwa kina. Farasi aliyetulia kweli hushusha kichwa, hupepesa macho, hulegeza taya, na masikio yake yanaendelea na kazi. Kumchanganya huyu na yule kumewaletea watu ajali mbaya, kwa sababu aliyekata tamaa anaweza kulipuka siku ambayo kitu kimezidi hata uwezo wake wa kunyamaza.

Hans wa Berlin

Mfano mkubwa wa jinsi farasi anavyousoma mwili wa mtu ulitokea Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Wilhelm von Osten, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Aliulizwa hesabu, naye akajibu kwa kupiga kwato: tatu mara nne, kwato mara 12. Alitaja tarehe, akatambua noti za muziki, na kwa kupiga kwato akaendeleza majina ya watu. Von Osten hakutoza kiingilio wala hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba amemfundisha farasi kufikiri. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilichunguza na halikuona ujanja wowote.

Aliyefumbua fumbo ni Oskar Pfungst, mwanafunzi wa saikolojia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907. Alifanya jambo rahisi: alimpa muulizaji swali ambalo yeye mwenyewe hakulijua jibu. Hans akakosea. Alimzuia farasi asimwone muulizaji. Hans akakosea tena. Ikaonekana kwamba muulizaji, baada ya kuuliza, huinamisha kichwa kidogo sana kutazama kwato, na idadi sahihi inapofika huinua kichwa bila kujua, kwa sababu shauku imetimia. Hans alianza kupiga kichwa kilipoinama, akaacha kilipoinuka. Mienendo hiyo ilikuwa midogo kiasi kwamba jopo zima halikuiona, na Pfungst alipojua siri alitambua kwamba hata yeye hawezi kuizuia isimtoke mwilini.

Wanasaikolojia husimulia kisa hiki kama onyo kwa watafiti, na ni onyo zuri. Mimi nakisoma zaidi kama sifa kwa farasi. Hakujua hesabu, lakini alijua kumsoma mtu kuliko wote waliokuwa wakimchunguza. Sasa mweke mtu juu ya mgongo wa mnyama wa namna hiyo, kilo 70 zilizogusana naye, na umwambie kwamba mwili wake hausemi kitu.

Miguu minne, mgongo mmoja

Watu wa Pwani, ambao mnyama wao wa kazi ni punda, waliipa miendo majina: telki ni mwendo wa haraka wa punda, matiti ni mwendo wa kudunda, shoti ni mbio. Maneno haya yamelala kwenye kamusi, nami napenda kuyatumia kwa farasi kwa sababu tofauti ya miendo si ya kasi tu, ni ya mpangilio wa miguu.

Farasi anapotembea, kwato hugusa chini moja moja: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mapigo manne, sawasawa. Akienda matiti, miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, wa nyuma kushoto pamoja na wa mbele kulia, kisha wale wengine. Kati ya pigo na pigo kuna kitambo kifupi ambacho yuko hewani. Shoti ya polepole ina mapigo matatu na kimya, kisha matatu na kimya. Akifungua mbio kabisa, mapigo huwa manne tena. Jicho la mtu halikuweza kuyatenganisha haya kwa hakika, na kwa karne nyingi wachoraji waliwachora farasi wa mbio wakiwa wamenyoosha miguu yote minne mbele na nyuma kama chura anayeruka. Mwaka 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera kando ya njia ya farasi na kuonyesha kwamba miguu yote huwa hewani kweli, lakini ni pale inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo.

Mpandaji anahitaji kujua haya kwa sababu ya mikono yake. Farasi anapotembea, kichwa chake huenda mbele na nyuma kila hatua. Katika shoti vilevile. Katika matiti kichwa hutulia. Mpandaji anayeshika mikono yake tuli katika miendo yote anamvuta mdomo kila hatua ya kutembea bila kujua, kisha anashangaa kwa nini farasi amefupisha hatua na kuanza kutafuna lijamu.

Uzito nao una mpangilio wake. Farasi aliyesimama hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa sababu shingo na kichwa viko huko. Hana mfupa wa mtulinga. Kifua chake kimening'inizwa kwa misuli kati ya mabega mawili, kama machela. Ukimpandia, unaongeza mzigo nyuma kidogo tu ya mabega hayo, juu ya mgongo ambao haukuumbwa kubeba kutoka juu. Farasi asiyefundishwa hujibu kwa njia ya asili: anaubonyeza mgongo chini, anainua kichwa, anakimbia kutoka chini ya mzigo. Wengi huona kichwa kilichoinuka na kukimbilia kukifunga chini kwa kamba. Kichwa hushuka, mgongo unabaki umebonyea, na maumivu yanabaki palepale.

Kazi ya mafunzo ya mwendo, ikifanywa sawasawa, ni kumwonyesha farasi namna ya kukaza misuli ya tumbo, kuingiza miguu ya nyuma chini ya mwili na kuuinua mgongo ili umchukue mtu bila kuumia. Haiwezekani kwa wiki mbili. Misuli hiyo hujengwa kwa miezi na miaka, kwa mizunguko mikubwa, kwa kupanda na kushuka vilima kwa mwendo wa kutembea, kwa kubadilisha miendo mara nyingi, na kwa kupumzishwa kabla hajachoka. Mifupa ya uti wa mgongo ni ya mwisho kukomaa, baada ya miguu kuonekana imeshakuwa mikubwa. Anayemharakisha farasi wa miaka miwili hukopa kwenye mwili ambao deni lake litadaiwa akiwa na miaka kumi.

Aliye juu

Katika Shule ya Farasi ya Hispania huko Vienna, ambayo licha ya jina lake iko Austria, mwanafunzi mpya hapewi hatamu. Hupandishwa juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu na mwalimu, bila vikuku vya kukanyagia na bila kitu cha kushika, naye hukaa katika somo hilo miezi mingi. Farasi anayepewa ni dume mzee aliyekomaa katika kazi. Utaratibu wao ni kwamba farasi wazee huwafundisha wapandaji vijana, na wapandaji wazee huwafundisha farasi vijana. Wasiojua wawili hawawekwi pamoja. UNESCO iliuingiza urithi huo katika orodha yake mwaka 2015. Ukiulinganisha na zile dakika 20 za Tokyo, unaona pengo lilipokuwa.

Wanachokitafuta ni mkao unaofuata. Farasi anapotembea, kila mguu wa nyuma unapoingia chini ya mwili upande mmoja wa mgongo hushuka na kuondoka, na nyonga ya mpandaji inapaswa kwenda nao, kulia na kushoto, kama anatembea yeye mwenyewe. Kufanana huko na mwendo wa mtu ndiko kunakofanya farasi atumike kuwasaidia wenye ulemavu kurejesha usawa wa mwili.

Nilipojifunza kupanda, nikiwa mtu mzima, pembezoni mwa Nairobi, nilitumia wiki tatu kwenye zoezi moja tu: kufumba macho na kutaja ni mguu gani wa nyuma unaotua. Kushoto, kulia, kushoto. Nilikosea hadi nikakaribia kulia. Mzee mmoja, saisi wa pale, ndiye aliyeshika kamba. Hakunieleza habari za nyonga. Alisema, "Pumua, mwanangu. Usipopumua, huyu anadhani umemwona simba." Nilipotoa pumzi farasi alishusha kichwa na yeye akatoa pumzi ndefu puani, na kwa mara ya kwanza nikahisi mguu wa kushoto ukitua chini ya mfupa wangu wa kukalia. Tangu siku hiyo sijawahi kudharau maarifa ya masaisi. Wengi wao hawaitwi walimu, lakini farasi wa mabwana wengi wamefundishwa nao.

Mkao una nguvu gani? Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944, akiwa mjamzito, na akabaki amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Alirudi kwenye dresaji, mchezo wa kumwonyesha farasi katika miendo yake kwa usahihi na utulivu, ambao kwa kawaida mashavu ya miguu ya mpandaji hufanya kazi kubwa. Mwaka 1952, Helsinki, mwaka wa kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana humo, alishinda medali ya fedha mbele ya wanaume waliokuwa na miguu mizima. Akaipata tena mwaka 1956. Farasi wake, Jubilee, alikuwa akisikiliza uzito, mapaja na mgongo wa mtu.

Uzito unaosikilizwa hivyo unaweza pia kuharibu. Karibu kila mtu ana upande wenye nguvu. Wengi wetu tukikaa tunalalia nyonga moja, bega moja liko chini. Juu ya farasi, mlalo huo humfanya aelemee upande mmoja, na baada ya miezi atageuka vizuri kulia na kwa shida kushoto. Mpandaji atalalamika kwamba farasi wake ni mgumu kushoto. Mshushe farasi huyo tandiko, mwache akimbie peke yake, kisha mweke mpandaji juu ya kiti mbele ya kioo. Mara nyingi jibu liko kwenye kile kiti.

Anaposema anaumwa

Sehemu hii fupi ningependa isomwe kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Farasi huficha maumivu, kwa sababu windo linalochechemea huchaguliwa kwanza. Daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walitengeneza orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio kulazwa nyuma kwa muda, mdomo kufunguka na kufunga, mkia kurushwa, kichwa kutupwa, kukataa kwenda, na nyinginezo. Kazi yao ilionyesha kwamba farasi mwenye 8 au zaidi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya mifupa au misuli, hata kama hachechemei. Ukiisoma orodha hiyo utaona kwamba nusu ya mambo yaliyomo ndiyo tunayoyaita jeuri.

Kwa hiyo farasi aliyekuwa mwema na sasa amebadilika huchunguzwa kabla ya kufundishwa: meno, mgongo, kwato, na tandiko. Tandiko lililomfaa mwaka jana linaweza lisimfae sasa, kwa kuwa misuli imeongezeka au imepungua. Utaweka kiganja chako chini yake na kupitisha taratibu, na pale kinapobanwa ndipo na yeye anapobanwa, kila hatua.

Kwetu

Farasi si wengi Afrika Mashariki, na sababu si ukosefu wa mapenzi. Mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, waliwazuia katika sehemu kubwa ya bara, na tauni ya farasi inayoletwa na visubi wadogo huwaua haraka. Wapo nyanda za juu za Kenya, ambako uwanja wa mbio wa Ngong umekuwapo tangu 1954. Ng'ambo ya bahari, kwa ndugu zetu wa Oman, mambo ni mengine: katika ardha, onyesho la wapanda farasi na ngamia, wapandaji wawili huenda shoti bega kwa bega, wakasimama wima juu ya matandiko huku wameshikana mikono. Ardha ya farasi na ngamia iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2018. Hakuna kiboko kinachoweza kuwafanya farasi wawili wakimbie sare hivyo. Wamelelewa pamoja na watu wao.

Mnyama wetu ni punda, na yeye anahitaji neno la ziada. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama, akaganda, akatafakari. Kwa jicho la mwenye haraka, kusimama huko ni ukaidi, na kiboko hufuata. Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, na mawe, mchanga na saruji vyote hubebwa mgongoni, zahanati ya punda imekuwa ikiwatibu tangu 1987, na vidonda vinavyotibiwa hapo vingi ni vya kamba, shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda) na mizigo iliyolalia upande mmoja.

Pentathloni nayo ilibadilika. Novemba 2021 shirikisho la mchezo huo liliamua kuwaondoa farasi baada ya michezo ya Paris 2024, na mahali pao pakawekwa njia ya vizuizi ambayo mtu huipita kwa miguu yake mwenyewe.

Na punda wa Lamu aliyesimama katikati ya kichochoro? Anayemjua hatampiga. Atalegeza kamba kwanza, atazame masikio yanaelekea wapi, kisha atazame huko: pengine pipa lililohamishwa, pengine maji yanayong'aa sakafuni. Atapitisha mkono chini ya shogi, kulia na kushoto, aone kama gunia limeteleza. Atasimama ubavuni, si mbele, akatoa pumzi, akavuta kamba kidogo na kungoja. Guu la mbele likiinuka, hata kabla halijatua, kamba ilegee.